Krapf: Mmisionari aliyetafuta neno la kumweleza Mwana wa Mungu kwa Wakamba

MACHAKOS

KATIKA makanisa ya Machakos, Kangundo, Tala na Masii, jina la Mwana wa Mungu hutamkwa kila Jumapili pasipo mtu kusita. Wazee hulitamka, watoto wa shule ya Jumapili hulitamka, na wala hakuna anayesimama kuuliza Mungu alimpataje huyo mwana.

Lakini yapata miaka 170 na ushei iliyopita, swali hilo lilikuwa bichi, na liliulizwa bila haya. Mtu aliyelibeba mabegani kutoka milima ya Uhabeshi hadi pwani ya Mombasa, na kutoka Mombasa hadi nyika za Ukambani, ni Dkt Johann Ludwig Krapf.

Wakenya wengi humkumbuka Krapf kama Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Wanafunzi wa shule za msingi hulikariri jina lake pamoja na la mwenzake, Johannes Rebmann. Hata hivyo, mlima haukuwa ndio uliomleta. Alikuja na habari ya Baba na Mwana, na maisha yake yote yakawa juhudi ya kuieleza habari hiyo kwa watu ambao kila mmoja wao aliisikia kwa sikio lake.

KIJANA WA DERENDINGEN

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810, katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Akiwa mvulana wa miaka kumi na moja hivi, jirani mmoja alimpiga vikali kwa kosa ambalo hakulitenda. Kipigo hicho kilimlaza kitandani kwa takriban nusu mwaka, na ni katika kitanda hicho ambapo alianza kuisoma Biblia kwa kiu.

Alipopona alipelekwa shule, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za kale, na baadaye akaingia katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Alisomea pia theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Mnamo 1837, akiwa ametumwa na Chama cha Wamisionari wa Kianglikana, CMS, alishika njia ya Uhabeshi.

Hapo ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na mzozo ambao ungemwandama maishani.

ZAZI MBILI AU TATU?

Uhabeshi haikuwa nchi ya kuhubiriwa Ukristo kana kwamba haijapata kuusikia. Kanisa lake lilikuwa na umri wa karne kumi na tano. Krapf aliishi katika ufalme wa Shoa kuanzia 1839 hadi 1842, chini ya Mfalme Sahle Selassie, na alikuta makasisi wa huko wamegawanyika kwa jambo moja: Kristo alizaliwa mara ngapi?

Kundi moja lilishikilia kwamba zipo zazi mbili. Ya kwanza ni ile ya milele, Mwana alipotoka kwa Baba kabla ya nyakati zote. Ya pili ni ile ya Bikira Maria. Kundi la pili, lililokuwa na nguvu katika monasteri mashuhuri ya Debre Libanos, liliongeza uzazi wa tatu, yaani kupakwa mafuta kwa Kristo na Roho Mtakatifu.

Msomaji wa leo anaweza kuona kuwa huo ulikuwa ubishi wa watu wasio na kazi. La hasha. Chini ya hesabu hiyo ya zazi kulikuwa na swali zito mno: je, Yesu ni Mungu kwa asili yake mwenyewe, au alipewa utukufu huo kama kipawa? Ikiwa alipewa, basi kuna wakati ambapo hakuwa nao. Na ikiwa kuna wakati ambapo hakuwa nao, basi yu chini ya Baba.

Swali hilo ndilo lililowakutanisha maaskofu huko Nikea mwaka 325. Kasisi Arius wa Aleksandria alikuwa amefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ingawa ni kiumbe cha kwanza na bora kuliko vyote. Mtaguso ulimkana, ukaamua kwamba Mwana amezaliwa na wala hakuumbwa, na kwamba uungu wake na wa Baba ni mmoja. Mtaguso wa Kalkedoni, mwaka 451, ukaongeza kwamba Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu. Kanisa la Uhabeshi halikuukubali uamuzi huo wa Kalkedoni, kwa kuwa liliona kuzigawa asili hizo ni kumgawa Kristo mwenyewe.

Krapf, ambaye alikuwa Mprotestanti wa dhati, aliwasikiliza makasisi hao, akaandika mabishano yao katika shajara zake, na akajitahidi kuwarejesha katika Maandiko. Hakufua dafu. Mnamo 1842 aliondoka Shoa, na alipotaka kurejea alikuta njia imefungwa. Uhabeshi wenyewe uliendelea kuparurana hadi 1878, Mfalme Yohannes wa Nne alipoitisha baraza la Boru Meda, lililopiga marufuku fundisho la zazi tatu.

KABURI LA PWANI

Krapf alimwoa Rosine Dietrich mwaka 1842 huko Misri. Mtoto wao wa kwanza, binti, alizaliwa na kufa safarini walipokuwa wakijaribu kurudi Uhabeshi. Walimpa jina Eneba, maana yake chozi.

Januari 1844 walifika Unguja. Seyyid Said, Sultani wa Unguja na Oman, aliwapokea vyema na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Wakahamia Mombasa. Julai 13 mwaka huo huo, homa ilimuua Rosine. Siku chache baadaye binti yao mchanga naye alifariki. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na Krapf aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo liwe kwao ishara ya kazi iliyoanza, si ya kazi iliyokwisha.

Akiwa na majonzi hayo, alijitosa katika Kiswahili. Alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo mwezi mmoja tu kabla ya msiba, akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Inafaa kutua hapa kidogo. Msomi wa Kiislamu alimsaidia kasisi wa Kikristo kupata maneno ya Kiswahili ya kueleza uumbaji, kwa sababu juu ya Mungu Muumba wawili hao hawakuwa na ugomvi.

Ugomvi ulikuwa mbele. Uislamu unamheshimu Isa kama nabii mkuu, mwana wa Mariamu, lakini unakana katakata kwamba Mungu anaweza kuwa na mwana. Kwa Waislamu wa Mombasa, kusema hivyo ni kumshirikisha Mungu, na hakuna dhambi inayozidi hiyo. Kwa Krapf, kutolisema ni kuipoteza Injili nzima.

NENO MWANA

Hapa lugha zetu zilimpa Krapf msaada, na papo hapo zikamtegea mtego.

Katika Kiswahili, mwana si mtoto wa kuzaliwa peke yake. Mwanamaji hakuzaliwa na maji, mwanasheria hakuzaliwa na sheria, na mwananchi hakutoka tumboni mwa nchi. Neno hilo huonyesha pia mafungamano, kwamba mtu ni wa kitu fulani na hawezi kutengwa nacho. Kwa maana hiyo, mtu angeweza kulisema jina la Mwana wa Mungu bila kufikiria mke wala ndoa.

Lakini wepesi huo una hasara. Ikiwa ni mafungamano tu, basi kila mcha Mungu ni mwana wa Mungu, na Yesu hana upekee wowote. Kanisa tangu Nikea halikukusudia hivyo. Lilisema amezaliwa kweli, ila si kwa mwili wala kwa wakati. Hivyo mfasiri alibanwa pande mbili: akilitilia neno uzito wa damu, anamtukana Mungu mbele ya Mwislamu, akilipunguza likawa tamathali ya usemi, anamrudia Arius.

Mnamo Agosti 1846, Krapf na Rebmann walifungua kituo cha Rabai. Kwa Wamijikenda, ambao enzi hizo waliitwa Wanyika, alikuta jina Mulungu, na akatambua kwamba kwao liliweza kumaanisha pia mbingu. Aliikuta pia heshima kubwa kwa koma, yaani roho za wafu. Mmoja wa waliomsikiliza mwanzo mwanzo alikuwa Mringe, kiwete maskini, ambaye Krapf alimbatiza akiwa karibu kufa.

SAFARI ZA UKAMBANI

Rabai palipita wafanyabiashara Wakamba wakileta pembe za ndovu pwani. Kwao Krapf alijifunza Kikamba, na mnamo Novemba 1849 akafunga safari hadi kwa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Kitui. Desemba 3, akiwa huko, aliuona mlima wenye theluji ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Jina la nchi yetu lina mzizi wake hapo.

Mwaka uliofuata, akiwa Ulaya, alichapisha mjini Tübingen tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba. Hicho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kupigwa chapa kwa lugha hiyo.

Marko ni Injili fupi kuliko zote. Pia haina habari ya kuzaliwa kwa Yesu. Hakuna hori, hakuna mamajusi, hakuna malaika kwa Maria. Inamtaja Mwana wa Mungu katika mstari wake wa kwanza, kisha inamwacha msomaji aone mwenyewe: sauti wakati wa ubatizo, sauti mlimani, na hatimaye askari wa Kirumi anayekiri chini ya msalaba. Hata hivyo, Injili hiyo hiyo inamwonyesha Mwana akimlilia Baba bustanini, na akikiri kwamba siku ya mwisho haijui yeye bali Baba. Wafuasi wa Arius waliitumia mistari ya namna hiyo kama silaha. Kanisa lilijibu kwamba huo ni ubinadamu wake unaonena.

Kwa Wakamba, tatizo halikuwa la Arius wala la Kadhi. Walimjua Mulungu, Muumba, aliye juu ya vyote. Katika masimulizi yao, watu wa kwanza walishushwa naye juu ya mwamba wa Nzaui. Lakini mambo ya kila siku, mvua, maradhi na utasa, yalipitia kwa aimu, roho za waliotangulia, ambao waliombwa na kutolewa sadaka katika mathembo.

Basi Yesu alikuwa nani kati ya hao? Kama ni mtu aliyekufa na ambaye sasa huwaombea walio hai, alifanana na aimu, tena wa ukoo wa kigeni. Kama ni Mulungu wa pili, basi Wakamba waliokuwa na Mulungu mmoja walikuwa wakiongezewa mwingine na mtu aliyedai kuleta imani ya Mungu mmoja. Krapf alipaswa kupita katikati ya miamba hiyo miwili.

Hakupata nafasi ya kutosha. Julai 1851 aliondoka Rabai ili afungue kituo katika uwanda wa Yata, akakosa usalama huko, akaenda tena kwa Kivoi. Mwezi Agosti, walipokuwa wakielekea Mto Tana, msafara ulishambuliwa na Kivoi akauawa. Jamaa za marehemu walimlaumu mgeni huyo. Krapf alitoroka, akitembea usiku na kujificha mchana, akibeba maji katika mtutu wa bunduki na kula majani na mizizi, hadi alipofika tena Rabai akiwa hoi.

MBEGU NA MAVUNO

Mnamo 1853, afya yake ikiwa imezorota, Krapf alirejea Ujerumani. Alikuja tena Afrika Mashariki mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Alifariki Novemba 26, 1881, mjini Korntal. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.

Ukimpima kwa idadi ya waumini, Krapf alishindwa. Hakuacha kanisa hata moja Ukambani. Ndoto yake ya mlolongo wa vituo vya misheni kukatiza bara zima ilionekana kuwa njozi. Lakini Desemba 1895, Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission aliwasili Nzaui, katika iliyokuja kuwa Wilaya ya Machakos, akiwa na ndoto inayofanana na hiyo. Naye alifariki mwaka mmoja baadaye, lakini wenzake walibaki. Agano Jipya lote kwa Kikamba lilitoka 1920, na Biblia nzima 1956.

Wakamba wenyewe hatimaye walilishika swali hilo mikononi. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefariki 2019, alifundisha kwamba wamisionari hawakumleta Mungu Afrika, kwa kuwa Mungu alikuwa akijulikana tayari. Walicholeta ni habari za Yesu. Mnamo 2014 alichapisha tafsiri yake mwenyewe ya Agano Jipya kwa Kikamba, kutoka Kigiriki cha awali.

Kauli hiyo ya Mbiti inaeleza taabu ya Krapf kuliko vitabu vingi. Baba alikuwa na jina Ukambani kabla ya mgeni yeyote kubisha hodi. Aliyekosa jina ni Mwana. Na kwa kuwa Wakristo huamini kwamba anayemjua Mwana ndiye anayemjua Baba, mtu mmoja mgonjwa, mfiwa na mkimbizi aliona kwamba neno hilo moja lilistahili kutafutwa hata kwa gharama ya kila alichokuwa nacho.