YARROW MAMOUT: MUISLAMU WA GEORGETOWN

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye ardhi yote ni yake na ambaye haimpotei sijda ya mja wake popote iliposujudiwa. Na sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu walio ugenini, wakiwemo wanaoishi Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia kwa ajili ya kazi, masomo au matibabu, huulizana suala moja: vipi Muislamu ataihifadhi dini yake, na ya watoto wake, katika mji ambao adhana haisikiki majiani? Suala hili si geni. Katika mji huohuo, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, aliishi mtu aliyelijibu kwa amali yake. Hakuwa na msikiti, wala sheikh, na kwa miaka mingi hakumiliki hata nafsi yake mbele ya sheria ya nchi ile. Jina lake ni Yarrow Mamout.

Alikuwa Mfulani wa Guinea, Afrika ya Magharibi. Inakadiriwa kuwa alizaliwa karibu mwaka 1736. Jina lake la pili ni jina la Mtume wetu (S.A.W.) kama linavyotamkwa na watu wa kwao. Wafulani wa Futa Jallon walikuwa watu wa chuo na Msahafu, naye alifundishwa kuandika kwa hati ya Kiarabu tangu utotoni. Mwaka 1752, akiwa kijana wa miaka kama kumi na sita, alipakiwa katika jahazi la watumwa na kuteremshwa Annapolis, Maryland. Huko akanunuliwa na ukoo wa Beall, akawatumikia kwa muda wa miaka arubaini na minne.

Bwana wake wa mwisho, Brooke Beall, alimuahidi kuwa akimaliza kufyatua matofali ya nyumba aliyokusudia kuijenga atamuacha huru. Bwana yule akafa mwaka 1795, kabla ya ahadi kutimia. Mjane wake hakuitumia mauti kuwa ni njia ya kuivunja ahadi. Alimtaka Yarrow ayamalize matofali, naye akayamaliza, na mwaka 1796 akaachwa huru, umri wake ukiwa umefika miaka sitini. Mwaka huohuo aliununua uhuru wa mwanawe mdogo, Aquilla, ambaye mama yake alikuwa mtumwa wa watu wengine.

Wala tusidhani kuwa dhulma ya kuuza watu ilikuwa ya Magharibi peke yake. Pwani yetu ilikuwa na soko lake, na soko la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash. Dini yetu imefanya kumuacha mtu huru kuwa ni ibada na kafara ya madhambi, na ikaamrisha mtumwa anayetaka kujikomboa kwa mkataba akubaliwe na asaidiwe. Anayeisoma habari ya matofali ya Yarrow na ajiulize kama wazee wake walikuwa wepesi kuitekeleza amri hiyo.

Baada ya kupata uhuru, Yarrow alifanya kazi za kibarua mchana, na usiku akisuka vikapu na kufuma nyavu za kuuza. Akakusanya dola mia moja, akaziweka amana kwa mfanyabiashara mmoja. Mfanyabiashara yule akafa hana kitu, na fedha zikapotea. Akaanza tena, akakusanya tena, akaweka kwa mwengine, naye akafilisika. Mzee wa zaidi ya miaka sitini, aliyepotelewa mara mbili na jasho la mikono yake, hakwenda kuomba wala hakuiba. Alirudi kazini mara ya tatu mpaka akapata dola 200. Mwaka 1800 alinunua kiwanja huko Georgetown, mahali ambapo leo panaitwa Dent Place, na mwaka 1803 akaiandikisha mali hiyo kwa jina la mwanawe.

Zile dola 200 alinunulia hisa za Benki ya Columbia ya Georgetown, akawa anaishi kwa gawio lake. Hapa msomaji mwenye kuiogopa riba atasimama, na ni haki yake asimame. Jawabu letu ni kwamba kitendo cha mtu mwema si dalili ya sheria. Dalili ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu, Sunna ya Mtume wake na ijmai ya wanazuoni. Yarrow alikuwa peke yake, hana wa kumuuliza. Sisi tunao wa kuwauliza, kwa hiyo udhuru wake hauwi udhuru wetu.

Mwaka 1819 mchoraji mashuhuri Charles Willson Peale, aliyekuwa amekuja Washington kuwachora wakubwa wa dola, alisikia habari za mzee anayedaiwa kuwa na zaidi ya miaka 130. Kwa kweli alikuwa na kama miaka thamanini na mitatu. Peale akamchora, na picha hiyo iko katika Jumba la Sanaa la Philadelphia. Picha nyengine, iliyochorwa na James Alexander Simpson mwaka 1822, ni mali ya maktaba ya Georgetown. Peale ameandika kuwa mzee huyu alijitambulisha kuwa ni Muislamu. Kwamba alikuwa akimsifu Mola wake kwa sauti majiani. Kwamba hali nguruwe wala hanywi ulevi. Na kwamba aliamini dini ya mtu haina faida isipotoka moyoni. Watoto walimfanyia mzaha, naye aliupokea kwa uchangamfu.

Yarrow alifariki tarehe 19 Januari 1823. Khabari ya kifo chake inasema alizikwa katika pembe ya bustani yake, palepale alipozoea kusali.

Watu wa Haki na Istiqama wanayo mizani yao. Hatumpi mtu walaya ya nafsi yake ila kwa ujuzi au kwa ushahidi wa waadilifu, na waliomshuhudia Yarrow hawakuwa Waislamu. Kwa hiyo mambo yake tunamuachia Mola wake, nasi tunachukua mazingatio katika yaliyodhihiri. Na yaliyodhihiri yanatukumbusha Imamu wetu Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, aliyekuwa maula, akisuka makuti kwa mikono yake hata akaitwa Al-Qaffaf, yaani msuka vikapu. Huko Basra, katika zama za kitmani, aliwasomesha wanafunzi wake kwa siri, nao wakaibeba elimu mpaka Oman, Hadhramaut na Maghrib.

Wote wawili walisuka vikapu, na wote wawili waliishi chini ya dola isiyokuwa yao. Lakini Abu Ubaida alikuwa na wanafunzi, na Yarrow hakuwa nao. Kwa hiyo elimu ya Abu Ubaida ingali hai, ilhali katika jamaa waliobaki nyuma ya Yarrow habari za sala hazionekani tena. Mkwewe Polly, mke wa Aquilla, alikuwa mkunga mashuhuri, na kijiji cha Yarrowsburg huko Maryland kimeitwa kwa jina lake. Jina la mzee limebaki katika ramani. Sala yake ilizikwa naye bustanini.

Ewe mzazi uliye ugenini, hili ndilo la kukutia khofu. Usidhani kuwa sala yako peke yako itawatosha wanao. Yarrow alizuiliwa na utumwa, umasikini na upweke. Wewe je, umezuiliwa na nini? Tangu mwaka 1957 upo msikiti Massachusetts Avenue, si mbali na bustani ile, na vitabu vinapatikana kwa lugha unayoifahamu. Basi tenga saa moja kila siku uketi na wanao, uwasomeshe Msahafu, uwafunze udhu na sala, na uwaeleze kwa nini hatuli hiki wala hatunywi kile, kabla hawajaelezwa na wengine kuwa hayo ni mambo yaliyopitwa na wakati.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuthibitishe katika dini yake nyumbani na ugenini, na atujaalie dhuria wenye kusimamisha sala. Wabillahi tawfiq.