Maisha ya watu wakubwa: TIPPU TIP NA BIASHARA YA PEMBE

Wanafunzi wa seksio ya biashara wanajifunza kila siku namna ya kuchagua bidhaa, kukata shauri na kuongoza ekipe. Basi tumeona vema kuandika maisha ya mtu aliyefanya mambo hayo matatu hapa kwetu mashariki, wakati Bukavu haijakuwa mji bado. Ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayeitwa Tippu Tip. Tunajua kwamba jina hili halipendezi masikioni mwa wenzetu wa Maniema. Wana haki, na tutasema juu ya nini.

Alizaliwa Unguja karibu na mwaka wa 1837. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa Tabora. Kijana alianza na safari fupi za kununua sandarusi karibu na pwani, na alipopata miaka 18 hivi akamfuata baba yake bara. Kule baba alitaka kuweka mali mkononi mwa mtu mwingine mzima kuliko yeye. Kijana akakataa kabisa: kama hapewi mali aiongoze mwenyewe, haendi. Baba akakubali. Labda wengine watasema ni kiburi, lakini alielewa kwamba mtu hawezi kujibu juu ya kazi ambayo hana mamlaka juu yake.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika inchi ya Warua, pembe kubwa za tembo zilikuwa na bei kali, sababu wafanya biashara wote walizitaka. Yeye akanunua zile ndogo, rahisi, ambazo wenzake walizipita. Alipozifikisha sokoni zikamletea faida nzuri. Tusimame hapa kidogo. Pembe haikuwa na kazi kubwa kwa yule aliyeiuza kule msituni. Waliokuwa na haja nayo ni watu wa Ulaya, Marekani na Uhindi, kwa vinanda vya piano, mipira ya biliardi na bangili. Tippu Tip hakuwahi kukanyaga Ulaya, lakini alifikiri kama mtu anayemwona mnunuzi wa mwisho mbele ya macho yake. Ni akili hiyo iliyomfanya Taria Topan, tajiri Mhindi wa Unguja, amkopeshe mali bila woga.

Safari yake kubwa ilianza mwaka wa 1870 na kwisha 1882. Miaka 12 bila kuona nyumbani! Vitambaa, ushanga na bunduki viliingia bara, pembe zikatoka, zote juu ya mabega ya watu. Ndui na njaa viliua wengi njiani. Kuongoza msafara wa namna ile si kupiga kelele mbele ya mstari. Aliweka wakubwa wa vikundi, wengi wao watu wa jamaa yake: Sefu mwanawe, Rashid, Bwana Nzige. Kila mmoja alikuwa na watu wake na sehemu yake ya inchi. Naye alijua kusema na watu. Huko Utetela alimwambia chifu Kasongo Rushie kwamba wao ni ndugu, kwamba bibi yake alikuwa dada ya chifu aliyetekwa zamani. Habari za huyo dada alizipata njiani tu! Chifu akaamini, akamwachia utawala. Tukicheka, tukumbuke kwamba watu maelfu walibadilishwa mtawala siku ile bila kuulizwa.

Na hapa ndipo neno la Maniema linapoingia. Pembe nyingine zilinunuliwa kwa haki, nyingine zilichukuliwa kwa bunduki. Vijiji vilichomwa, wanawake na watoto wakafungwa kamba, wakauzwa au wakakombolewa kwa pembe. Livingstone alimwona mwaka wa 1867, akasaidiwa naye vizuri. Stanley vilevile, mwaka wa 1876, aliposindikizwa mpaka ng'ambo ya Nyangwe. Kwa wageni alikuwa mungwana kamili. Daftari la faida lake halikuwa na mstari kwa wale waliofungwa kamba. Mwanafunzi wa biashara anayesifu hesabu zake bila kuuliza mstari huo hajamaliza hesabu.

Shauri lake kubwa alilikata Unguja mwaka wa 1887. Aliona Wazungu wanafika kwa mashua za moshi kutoka magharibi, na Sultani hana nguvu ya kumsaidia. Akakubali kuwa liwali wa Leopold II huko Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Tena akamwahidi Stanley wapagazi 600 kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha. Wapagazi walichelewa karibu mwaka mzima, wakafika kama 400 tu. Yeye alilalamika kwamba baruti aliyoahidiwa haikuletwa. Stanley akamshitaki, naye akarudi Unguja kwa kesi hiyo.

Hakurudi tena Kongo, na hapo ikaonekana ekipe ile ilisimama juu ya nini. Kila mkubwa alimtii Tippu Tip, hawakutiiana wao kwa wao. Hakuna aliyetayarishwa kushika nafasi yake na kusikilizwa na wote. Mwaka wa 1892 Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wake wa nguvu kule Lomami, akageukia upande wa Wabelgiji. Sefu akapigana bila baba yake. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo Aprili, na Sefu akafa mwaka uleule. Ngongo Lutete naye hakufaidi: Wabelgiji haohao walimpiga risasi Septemba 1893.

Mzee alibaki Unguja na mashamba yake. Akaandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha. Alikufa kwa malaria mwezi wa Juni 1905. Wapagazi wake hawakuandika kitabu. Lakini lugha waliyosemea njiani toka Ujiji mpaka Kasongo ilibaki Maniema, na ndiyo hii tunayopigia stensili gazeti letu.