Wino mwekundu wa Sendai: Lu Xun mwanafunzi Ujapani

Kila mwenzetu anayebahatika kwenda kusoma ng'ambo huulizwa swali lile lile akirudi: umeona nini huko? Mara nyingi tunangoja habari za barabara safi na magari-moshi yasiyochelewa. Jibu lililonigusa kuliko yote nililipata kwa Mchina aliyefariki mwaka 1936, niliyemsoma kwa tafsiri ya Kifaransa. Ni Lu Xun, anayehesabiwa kuwa baba wa fasihi mpya ya China. Aliishi Ujapani miaka saba hivi, na kitu alichokisimulia kwa upendo kuliko vyote ni wino mwekundu wa mwalimu mmoja.

Lu Xun ni jina la kalamu. Jina lake hasa ni Zhou Shuren, naye alizaliwa mwaka 1881 mjini Shaoxing, katika ukoo wa wasomi ulioishiwa mali. Baba yake alipougua, kijana huyu alikuwa akipeleka vitu vya nyumbani kwenye duka la rehani, kisha anakimbilia kwa muuza dawa. Dawa hazikusaidia, baba akafariki mwaka 1896. Hapo ndipo mtoto alipoanza kutamani udaktari.

Mwaka 1902 serikali ya China ilimgharimia masomo Ujapani, akafikia Tokyo kujifunza Kijapani. Enzi hiyo utawala wa Qing uliwalazimisha wanaume wa China kufuga msuko mrefu kisogoni, na Wajapani waliucheka. Lu Xun aliukata wake mwaka 1903. Wanafunzi wengi wa kwao waliuviringisha chini ya kofia na jioni wakajifunza kucheza dansi. Yeye alichoka nao. Akachagua shule ya udaktari ya Sendai, mji wa baridi kaskazini, kwa kuwa hapakuwa na Mchina mwingine shuleni pale.

Aliingia Sendai mwaka 1904. Shule haikumtoza karo, na wafanyakazi wake walihangaikia chakula chake na mahali pa kulala. Baadaye alijicheka mwenyewe kwamba alithaminiwa kwa sababu ya uadimu wake tu. Ukarimu huo pia ulimlemea: mwalimu mmoja aliona haifai mgeni akae kwenye nyumba ambayo mwenyewe alipikia pia wafungwa, akasisitiza mpaka Lu Xun akahama. Kule alikohamia, supu ilimshinda kila siku.

Mwalimu wa anatomia aliitwa Fujino Genkurō. Alivaa ovyo, hata wanafunzi walisimulia kwamba safari moja, ndani ya gari-moshi, alidhaniwa mwizi wa mifukoni. Baada ya juma moja hivi alimwita mgeni wake, akaomba aone daftari lake. Liliporudi, Lu Xun alistuka: limesahihishwa lote kwa wino mwekundu, toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Fujino hakuishia kwenye mifupa na mishipa, alinyoosha hata sarufi ya Kijapani. Aliendelea hivyo mpaka kozi zake zilipokwisha. Siku moja alimwonyesha kwamba amehamisha mshipa wa damu katika mchoro wa mkono. Kijana aliitikia kwa mdomo, lakini moyoni aliuona mchoro wake mzuri zaidi.

Ninaposoma sehemu hiyo naikumbuka kazi yetu. Kusahihisha sarufi ya mgeni, juma kwa juma, ni kumwambia kwamba tunamtegemea aandike lugha yetu sawa na sisi.

Sendai hiyo hiyo ilimwonyesha upande mwingine. Mwisho wa mwaka wa kwanza alikuwa wa 68 kati ya wanafunzi 142. Wengine hawakuamini. Walimpekulia madaftari na kumwandikia barua ya kumtuhumu kwamba Fujino alimwekea alama kwenye maswali ya mtihani. Rekodi za shule zinawaumbua: katika anatomia alipata 59.3, alama ndogo kuliko zote alizopata mwaka ule. Mwalimu aliyempenda hakumpendelea.

Kisha zikaja picha. Katika somo la bakteria, muda ukibaki, walionyeshwa picha za vita vya Ujapani na Urusi vya 1904-1905. Moja ilionyesha Mchina akiuawa kwa kosa la kuwapelelezea Warusi, na Wachina wengine wamesimama wakitazama tu. Wanafunzi wakashangilia. Lu Xun aliamua kwamba mwili wenye afya haumsaidii mtu ambaye moyo wake umelala, akaiacha shule mwaka 1906. Alipomwona Fujino amehuzunika, alimdanganya kwamba atasomea biolojia. Mwalimu alimpa picha yake, nyuma ameandika neno la kuagana.

Tokyo alijiingiza katika fasihi. Mwaka 1909, yeye na mdogo wake walitoa vitabu viwili vya hadithi za kigeni walizozitafsiri kwa Kichina cha kale cha vitabuni. Kila kimoja kiliuzwa nakala ishirini hivi. Mwaka ule akarudi kwao. Mwaka 1918 alichapisha hadithi ya mwendawazimu kwa Kichina cha mazungumzo, na nchi ikasoma. Sisi tunaosoma kwa Kifaransa, tunaofundishwa Kiswahili bora na kutaniana kwa Kiswahili cha Lubumbashi, tunaujua umbali huo bila kuelezwa.

Hakumwandikia Fujino hata barua moja, kwa aibu ya kutokuwa na jambo jema la kumweleza. Lakini picha ile aliitundika ukutani mbele ya meza yake Beijing, na mwaka 1926 aliandika kumbukumbu ya kumheshimu. Ujapani iliivamia Manchuria mwaka 1931 na kuishambulia Shanghai mwaka 1932, mji aliokuwa akiishi. Hata hivyo, vitabu vyake vilipotafsiriwa kwa Kijapani mwaka 1935, alitaka kumbukumbu hiyo iwemo, akitumaini kupata habari za mwalimu wake.

Hakuzipata. Fujino alikuwa daktari wa kijijini.

Lu Xun aliamini kwamba madaftari yale yalipotea alipohama. Mwaka 1951 yalipatikana Shaoxing, majalada sita, na sasa yamehifadhiwa Beijing. Wino mwekundu bado unasomeka. Kwangu mimi, kurasa hizo zinajibu vizuri swali tunalowauliza wanaorudi. Wenzetu wa kwanza wa kigeni watakapokuja kujifunza Kiswahili katika madarasa yetu, nao watarudi kwao waulizwe wameona nini kwetu.