Duchenne, Mwana wa Nahodha Aliyewachunguza Watoto Wasioweza Kuinuka

Miongoni mwa magonjwa yanayowapata watoto uko mmoja ambao huingia nyumbani kwa kujificha. Mtoto wa kiume huzaliwa salama, akatambaa, akasimama. Halafu, kabla ya kutimiza miaka mitano, wazazi huanza kumwona akianguka mara kwa mara na kupanda ngazi kwa taabu. Akitaka kuinuka chini hujishika magoti, kisha mapaja, kama mtu anayejikwea mwenyewe. Linalowapumbaza watu ni kwamba mashavu ya miguu yake hunenepa, hata jirani akamsifu kuwa atakuwa pandikizi la mtu. Basi mtoto huitwa mvivu. Nami nimesikia kwa masikio yangu mama akilaumiwa: mara ati ni jicho la husuda, mara ati ni jini la ukoo wake. Ndiyo maana leo nimependa kuwasimulia maisha ya Daktari Duchenne, Mfaransa ambaye ugonjwa huo umepewa jina lake.

Guillaume Duchenne alizaliwa Septemba 1806 huko Boulogne, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa. Watu wa kwao walikuwa mabaharia tangu jadi, na baba yake alikuwa nahodha. Mzee alitaka mwanawe afuate bahari, lakini kijana akachagua elimu. Alihitimu udaktari mjini Paris mwaka 1831, akarudi kwao kutibu watu, akaoa. Mwaka 1833 mkewe alifariki kwa homa ya uzazi, akamwacha mtoto mchanga, Émile. Mama mkwe akamtia Duchenne lawamani, na mtoto akalelewa na bibi huyo, mbali na baba yake.

Mwaka 1842 alihamia Paris. Hakuwa na cheo katika hospitali yoyote, wala hakukipata mpaka mwisho wa maisha yake. Kazi yake ilikuwa kuzunguka wodi na kisanduku chake cha umeme, akiomba ruhusa ya kuwatazama watu waliopooza. Kwa kupitisha umeme juu ya ngozi aliweza kuamsha msuli mmoja mmoja, akajua kila mmoja una kazi gani na upi umedhoofika. Wako waliomcheka. Yeye hakujali, mgonjwa akihamishwa hospitali, alimfuata huko huko. Hatimaye Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, bingwa mashuhuri wa maradhi ya neva, alimtaja kuwa ni mwalimu wake.

Mwaka 1861 Duchenne alieleza habari za mtoto mwenye ugonjwa huu tunaouzungumzia, akadhani asili yake ni ubongo. Lakini hakung'ang'ania dhana yake. Alibuni sindano maalumu ambayo madaktari wamezoea kuiita chusa, na watu wa pwani hawahitaji kuelezwa chusa ni nini. Kwa chusa hiyo ndogo alichota kipande cha msuli kutoka kwa mgonjwa aliye hai, akakitazama kwa hadubini. Mwaka 1868 akatangaza habari za wagonjwa 13. Ule unene, kumbe, haukuwa nguvu hata kidogo! Misuli ilikuwa ikiharibika, na mahali pake pakijaa mafuta na nyuzi ngumu. Ugonjwa ulikuwa ndani ya misuli yenyewe.

Haki nayo itendeke. Edward Meryon, daktari wa London, alikwisha kuandika habari za ugonjwa huu mwaka 1852, na aliona kwamba hupitia upande wa mama ukawapata wavulana. Hata hivyo, jina likabaki la Mfaransa.

Émile alipokuwa mtu mzima alisomea udaktari, akarejea kwa baba yake baada ya miaka mingi ya kutengana. Lakini furaha haikudumu, kwani kijana alimtangulia mzee kaburini. Duchenne mwenyewe alifariki mjini Paris Septemba 1875.

Mwaka 1987 wataalamu wa Boston walitambua kitu kinachokosekana katika misuli ya watoto hawa, protini iitwayo distrofini. Mama huweza kubeba kasoro hii bila ya kujijua, na mara nyingine kasoro huanza kwa mtoto mwenyewe, mama hana hata chembe yake. Dawa ya kuuondoa ugonjwa kabisa haijapatikana, ila zipo za kuupunguza mwendo, na moyo na pumzi za mtoto zikiangaliwa mapema, maisha yake hurefuka.

Kwa hivyo, mtoto wa kiume akianguka ovyo na akishindwa kuinuka kama wenzake, nasema asipigwe wala asisimangwe. Apelekwe hospitali apimwe damu. Na mama yake, ambaye usiku halali kwa kumgeuza kitandani, asiongezewe mzigo wa maneno ya watu.