James Reese Europe: Kiongozi wa bendi aliyekataa wanamuziki kulipwa makombo

Ukishuka matatu hapo Kariokor, pua ndiyo inakuongoza: moshi wa nyama choma, halafu harufu ya ngozi ya viatu na mkonge wa viondo sokoni. Huwezi kudhani kwamba jina la mtaa huu lilitoka vitani. Lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, na ndimi za wenyeji zikaligeuza kuwa Kariokor. Mamia ya maelfu ya Waafrika walibebeshwa risasi na chakula cha majeshi yaliyokuwa yakipambana na Wajerumani huko Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi waliuawa na magonjwa na njaa, si risasi.

Vita hivyo pia vilisambaza matarumbeta. Beni, ngoma ya pwani iliyoiga bendi za kijeshi, ilienea kote Afrika Mashariki ikifuatana na askari na wapagazi. Na wakati huo huo, kule Ufaransa, mwanajeshi mweusi kutoka Marekani alikuwa akiongoza bendi ya matarumbeta iliyowaacha watu vinywa wazi. Anaitwa James Reese Europe. Kama unapuliza tarumbeta kwenye bendi ya shule au ya kanisa hapa Eastlands, maisha yake yanakuhusu.

Europe alizaliwa mwaka wa 1880 katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama. Babake alikuwa amezaliwa mtumwa. Akiwa na umri wa karibu miaka 10, familia ilihamia Washington, na huko akajifunza fidla na piano. Nyumba yao ilijaa muziki. Dadake Mary naye alikuja kuwa mwalimu wa muziki.

Akiwa na miaka ishirini na kitu alienda New York kutafuta riziki na fidla yake. Kazi hakuna. Hakuna aliyetaka mtu mweusi mwenye fidla. Akageukia piano na mandolini, kisha akaanza kuongoza muziki wa michezo ya jukwaani.

Hapo ndipo alipoona dhuluma yenyewe. Matajiri wa New York walipenda sana muziki wa watu weusi kwenye karamu zao, lakini mwanamuziki aliajiriwa kama mtumishi. Anaosha vyombo, anahudumia meza, halafu usiku ukikolea anaambiwa apige muziki. Malipo? Bahashishi tu, kama wageni wamefurahi.

Mwaka wa 1910 Europe na wenzake wakaanzisha Clef Club, naye akawa rais wake wa kwanza. Ilikuwa chama cha kutetea wanamuziki, ofisi ya kutafutia kazi na okestra, vyote chini ya paa moja. Ukitaka bendi, unaulizia Clef Club. Malipo yanapatanwa mapema, nauli, chakula na malazi ni juu yako, na wanamuziki wanafika wamevalia nadhifu. Sahani chafu utaosha mwenyewe.

Tarehe 2 Mei 1912 aliwapeleka zaidi ya wanamuziki 100 hadi Carnegie Hall, ukumbi wa kifahari kuliko yote New York. Baadhi yao hawakujua kusoma noti. Walishika sehemu zao kwa masikio. Pale ambapo okestra ya Kizungu ingeweka fidla, yeye aliweka mandolini na banjo, kwa sababu aliamini watu wake wana muziki wao na hawana haja ya kuiga wa mtu mwingine. Pesa zilizopatikana zilienda kusaidia shule ya muziki ya watu weusi mtaani Harlem.

Mwaka wa 1916 alijiunga na kikosi cha watu weusi cha New York, ambacho baadaye kiliitwa 369. Alitaka kuwa mwanajeshi wa kawaida, lakini kamanda wake, William Hayward, alimsihi aunde bendi. Europe hakutaka bendi ya kubahatisha. Aliposhindwa kupata wapuliza klarineti wa kutosha nyumbani, alisafiri hadi Puerto Rico mwaka wa 1917 kuwatafuta. Miongoni mwa aliorudi nao ni Rafael Hernández, ambaye baadaye alikuwa mtunzi mkubwa wa kisiwa hicho.

Walitua bandari ya Brest siku ya kwanza ya mwaka wa 1918, wakapiga wimbo wa taifa wa Ufaransa. Wafaransa walichukua muda kuutambua, maana haujawahi kupigwa kwa mdundo kama ule. Baadaye wanamuziki wa bendi moja maarufu ya Ufaransa walikagua hata ala za bendi yake, wakidhani zina kifaa fulani cha siri. Kumbe siri ilikuwa midomoni na mazoezini.

Lakini usidhani alikuwa akipiga muziki tu. Jeshi la Marekani halikutaka weusi wapigane bega kwa bega na wazungu, kwa hivyo kikosi chao kilikabidhiwa kwa Wafaransa. Kilikaa siku 191 katika uwanja wa vita. Europe, akiwa luteni wa bunduki za rashasha, aliingia mahandakini na kuvuta gesi ya sumu. Akiwa kitandani hospitalini, alitunga wimbo kuhusu doria za usiku.

Tarehe 17 Februari 1919 kikosi kilirudi na kuandamana katika barabara ya Fifth Avenue hadi Harlem, bendi ikiwa mbele. Mji ule ule uliokuwa umewanyima nafasi kwenye gwaride la kuwaaga wanajeshi sasa ulikuwa umejipanga barabarani kuwashangilia.

Furaha haikudumu. Tarehe 9 Mei 1919, wakiwa katika ziara mjini Boston, mpiga ngoma wake kijana, Herbert Wright, alikasirika baada ya kukaripiwa na kumchoma shingoni kwa kisu kidogo. Jeraha lilionekana dogo. Europe aliwaagiza wenzake waendelee na tamasha, akapelekwa hospitalini, na usiku huo akafariki akiwa na miaka 39. New York ilimfanyia mazishi ya hadhara, heshima ambayo hakuna mtu mweusi aliyewahi kupewa na mji huo. Alizikwa Arlington, makaburi ya mashujaa.

Wright alifungwa miaka kadhaa. Alipotoka aliishi Boston, na huko akamfunza ngoma mtoto wa jirani aliyeitwa Roy Haynes, ambaye alikua kuwa mmoja wa wapiga ngoma wakubwa wa jazi duniani. Hata mkono uliomuua ulipitisha muziki kwa kizazi kilichofuata.

Wapagazi walioupa mtaa wa Kariokor jina walifanya kazi ngumu kwa malipo duni, na wengi hawana hata kaburi lenye jina. Europe alijua jinsi kazi ya mtu mweusi inavyoweza kuliwa bure, ndiyo maana alianza na mkataba kabla ya noti ya kwanza. Kwa hivyo siku mtu atakapoiita bendi yenu harusini au kwenye mkutano wa siasa na kuwaahidi soda na pilau, mwambieni kwanza ataje bei.