Mendeleev, Mwalimu Aliyezipanga Elementi

Wanachuo wetu wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za sekondari kati ya Kariakoo na Magogoni, huwa tunawaagiza wakusanye maswali ya wanafunzi na kuyapanga chini ya vichwa vya mada. Mzozo hauchelewi kutokea. Swali juu ya magadi, yale yale yanayouzwa sokoni ya kulainishia maharage, liwekwe wapi? Magadi ni chumvi; maji yake yana tabia ya besi; tena hutumika viwandani kutengenezea vioo. Likitiwa mahali pasipotazamiwa, mwanafunzi aliyeuliza hatalipata tena jibu lake. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza maisha ya mtu aliyekabiliana na mzozo wa jinsi hii katika kazi ya kufundisha.

Dmitri Ivanovich Mendeleev alizaliwa Tobolsk, Siberia, mwaka 1834. Baba yake, aliyekuwa mkuu wa shule, alipofuka mwaka huo huo, na mama yake, Maria, akalazimika kuendesha kiwanda cha vioo ili kuilisha jamaa. Kiwanda kikateketea kwa moto mwaka 1848. Mama huyo akafunga safari ndefu na mwanawe hadi Moscow, ambako chuo kikuu hakikumpokea. Wakaendelea hadi Saint Petersburg, na mwaka 1850 kijana akaingia chuo cha ualimu alichosoma baba yake. Mama alifariki mwaka huo huo. Habari za chuo hicho cha ualimu hupitwa haraka mno na waandishi wengi.

Alifundisha shule huko Simferopol na Odessa, na mwaka 1867 akawa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Saint Petersburg. Kwa kuwa hakuona kitabu cha kuwafaa wanafunzi wake, alianza kuandika chake mwaka 1868. Juzuu ya kwanza ilipokwisha alikuwa amezieleza elementi chache tu, na zilizojulikana zilikuwa 63. Zilizobaki zifuatane vipi? Hili lilikuwa swali la mwalimu mwenye muhtasari mkononi. Mapema mwaka 1869 alizipanga kwa kufuata uzito wa atomu, akaona tabia zao zinajirudia kwa zamu.

Lakini uzito peke yake haukutosha. Teluriamu ilikuwa nzito kuliko iodini, naye akaitanguliza, ili iodini ikae pamoja na klorini na bromini inazofanana nazo. Aliacha pia mapengo, ambayo baadaye yalijazwa na galiamu mwaka 1875, skandiamu mwaka 1879 na jemaniamu mwaka 1886. Mapengo hayo ndiyo yaliyompa sifa. Sisi tunaona kuwa lenye faida zaidi kwa mwalimu ni jambo dogo lililomo katika jedwali lake la mwaka 1871: shaba, fedha na dhahabu aliziandika mara mbili, katika kundi la kwanza na katika kundi la nane, na katika kundi la kwanza alizitia ndani ya mabano. Hakuvunja mpango wake, wala hakuficha kwamba elementi hizo zina undugu wa pande mbili. Swali la magadi nalo laweza kuandikwa hivyo hivyo: mahali pamoja kwa ukamilifu, na penginepo kwa mabano.

Mendeleev alifariki mwaka 1907. Alikuwa akidhani kwamba uzito wa teluriamu ulipimwa vibaya. Mwaka 1913 Henry Moseley wa Uingereza alionyesha kuwa mpango wa elementi hufuata namba ya atomu, si uzito. Iodini ikabaki pale pale alipoiweka.