D. D. Palmer: Mnyoosha Migongo Aliyefungwa Jela

Askari aliyekwisha kwenda mwendo wa siku nzima na shanta mgongoni hahitaji kuelezwa thamani ya uti wa mgongo. Kwa hiyo tumeona yafaa leo tusimulie maisha ya Daniel David Palmer, mtu aliyeamini kwamba karibu maradhi yote ya binadamu chanzo chake ni mgongo, akashindana na madaktari wa zama zake hata akatiwa jela.

Palmer alizaliwa tarehe 7 Machi 1845, karibu na Toronto, nchini Kanada. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokuwa vikimalizika, alihamia nchi hiyo pamoja na ndugu yake. Huko alifundisha shule, akafuga nyuki, akapanda matunda, akauza duka. Udaktari hakuusomea popote. Baadaye alishika uganga wa kugusa kwa mikono, uliodaiwa kumpitishia mgonjwa nguvu za sumaku, na mwaka 1887 akaanza kuganga katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Tusimcheke upesi. Katika karne ile madaktari wengi wenye vyeti waliwanywesha wagonjwa dawa ya zebaki, na huenda aliyeikimbia dawa hiyo alikuwa na heri kuliko aliyeinywa.

Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, mambo yaligeuka tarehe 18 Septemba 1895. Katika jengo alimofanyia kazi alikuwamo mfagizi mmoja, Mmarekani mweusi aitwaye Harvey Lillard, aliyekuwa na uziwi kwa miaka 17. Lillard alieleza kwamba uziwi ulimpata siku aliyoinama kazini akahisi kitu kikialika mgongoni. Palmer akampapasa, akakuta pingili moja imetokeza, akaisukuma kwa mikono. Kisha akatangaza kwamba mtu yule amepata kusikia. Madaktari walipinga, na hoja yao ina nguvu hadi leo: mshipa wa fahamu wa kusikia hutoka sikioni ukaingia ubongoni, wala haupiti mgongoni.

Juu ya tukio hilo Palmer alijenga falsafa nzima. Alifundisha kwamba ndani ya kila mwili imo akili ya asili inayouongoza na kuuponya, nayo hupitisha amri zake katika mishipa ya fahamu. Pingili ikiteguka japo kidogo, amri huzuiwa, na mtu huugua. Alikadiria kwamba maradhi 95 katika kila 100 hutokana na pingili zilizoteguka. Kazi ya mganga basi ni kurudisha pingili mahali pake na kuiachia akili ile ifanye mengine. Rafiki yake mchungaji, Samuel Weed, aliipa kazi hiyo jina la Kigiriki, kiropraktiki, yaani kazi itendwayo kwa mikono. Mwaka 1897 Palmer alifungua chuo chake.

Lakini alipita mpaka, akazikataa dawa na hata chanjo. Hapo sisi tunaachana naye. Ndui ilifutwa duniani kwa chanjo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, wala hapana mgongo ulionyooshwa kwa ajili hiyo.

Mwaka 1906 alishtakiwa kwa kuganga bila leseni. Mahakama ilimpa hiari ya kulipa faini au kufungwa siku 105. Kwa ukaidi wake alichagua jela, na baada ya siku 23 akalipa akatoka. Mwaka uliofuata, katika mji wa La Crosse, mganga Shegataro Morikubo aliachiliwa na mahakama baada ya wakili wake kudai kwamba kiropraktiki si udaktari, bali ina falsafa yake. Ndivyo falsafa ilivyokuwa ngao kortini. Na ngao hiyo hiyo ikawa ukuta kati ya waganga hawa na hospitali. Mwaka 1911 Palmer alifikiria hata kuigeuza kazi yake kuwa dini.

Chuo alikuwa amekwisha kumwachia mwanawe, B. J. Palmer, na wawili hao hawakupatana tena. Mzee alifariki Los Angeles tarehe 20 Oktoba 1913, kwa homa ya matumbo, mwaka ule ule ambao jimbo la Kansas lilitunga sheria ya kwanza ya kuwapa waganga hao leseni.

Ugomvi haukuzikwa naye. Mwaka 1987 jaji wa Chicago aliamua kwamba chama cha madaktari wa Marekani kilikuwa kimevunja sheria kwa kuwasusia waganga hao. Mwaka 2018 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa kwa askari 750 wa Marekani wenye maumivu ya kiuno: walionyooshwa mgongo pamoja na kutibiwa kwa kawaida walipata nafuu zaidi baada ya wiki 6 kuliko waliotibiwa kwa kawaida tu. Kiuno kimepata ushahidi. Madai ya kuponya uziwi na maradhi mengine hayakuupata. Tena shingo isizungushwe ovyo, kwani mara chache mshipa wa damu umepasuka. Na askari ambaye maumivu ya mgongo yamemletea ganzi mapajani, miguu kulegea au mkojo kuziba, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.